Masomo ya Kupanda Farasi kwa Watoto na Watu Wazima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Zizi letu liko pembezoni mwa Nairobi, upande wa Karen unaoelekea milima ya Ngong. Wengi wanaotupigia simu hawajawahi kumwona farasi kwa karibu ila kwa mbali, siku ya mbio pale Ngong au katika gwaride. Majibu yafuatayo ni yale tunayoyatoa langoni kila juma, na tumeyaandika kwa kirefu pale tulipoona kwamba jibu fupi huzaa matatizo baadaye.

Mwanangu ana miaka minne na anawapenda sana farasi. Je, anaweza kuanza masomo?

Masomo kamili huanza mtoto akiwa na miaka sita. Kabla ya umri huo shingo yake huwa bado haijawa na nguvu ya kuibeba kofia ngumu kwa nusu saa huku mwili ukitikiswa, miguu haifiki mahali inapotakiwa kufika ubavuni mwa mnyama, na masikio yake, kama kila mzazi ajuavyo, husikia maagizo mawili ya kwanza na kuyasahau yanayofuata. Mtoto wa miaka minne au mitano tunampandisha poni, farasi wa umbo dogo, anayeongozwa na saisi (mtunza farasi) kwa dakika kumi, mzazi akitembea kando, na hilo linamtosha kabisa. Tungependa mzazi asimlipie mtoto wa umri huo masomo kumi kwa mkupuo, kwa sababu mapenzi ya utotoni huhama, na fedha zikishalipwa mtoto hulazimishwa kupanda siku ambayo hataki. Mtoto aliyelazimishwa humhofia farasi kwa miaka mingi.

Hata hivyo hatutazami umri peke yake. Siku ya kwanza mwalimu humtazama mtoto kama anaweza kusimama aambiwapo asimame, na kama anaweza kupita karibu na mnyama mkubwa bila kukimbia wala kupiga kelele. Wapo wa miaka mitano wanaoyaweza hayo, na wapo wa minane ambao tumewaomba warudi baada ya muhula mmoja.

Mimi nina miaka 52 na sijawahi kupanda mnyama yeyote. Je, nimechelewa?

Hujachelewa. Mtu mzima hujifunza kwa njia tofauti na mtoto: mtoto huiga kwa mwili bila kuuliza, ilhali mtu mzima hutaka kwanza kuelezwa sababu, na akishaelewa hukosea mara chache zaidi. Tatizo la mtu mzima huwa ni nyonga zilizokakamaa kwa kukaa kitini na kwenye magari miaka mingi, pamoja na hofu ya kuanguka, ambayo ni hofu ya haki kwa mtu mwenye watoto wa kulea na kazi ya kwenda Jumatatu. Nyonga hulegea kwa mazoezi ya wiki chache. Ikiwa una maradhi ya mgongo, magoti yaliyowahi kufanyiwa upasuaji, au umeambiwa kwamba mifupa yako imepungua uimara, tafadhali zungumza na daktari wako kabla ya kuja, kisha utueleze alichosema.

Somo la kwanza huendaje?

Huenda likakuvunja moyo kidogo, kwa maana nusu yake ya kwanza utaipitisha ukiwa chini. Tunaanza kwa kukufundisha namna ya kumkaribia farasi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya paji la uso na nyingine iliyo nyuma ya mkia. Anayetokea nyuma bila sauti humshtua mnyama ambaye kwa maelfu ya miaka ameishi kwa kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Kwa hiyo unamwendea kwa upande wa bega, ukizungumza kwa sauti ya kawaida, na unaweka mkono shingoni kabla ya kugusa mahali pengine popote.

Baada ya hapo unampiga brashi, na hii si kazi ya kukupotezea muda. Punje moja ya mchanga ikibaki chini ya tandiko, uzito wako utaisaga ngozini mwa farasi kwa dakika arobaini na tano, na kidonda kitakachotokea kitamweka mapumzikoni wiki mbili. Unafundishwa kuinua mguu na kuchokonoa matope na mawe yaliyoganda ndani ya ukwato, kuanzia kisigino kuelekea ncha. Kisha unaona tandiko linavyowekwa na mkanda wa tumboni unavyokazwa. Wapo farasi wanaojaza pumzi au kukaza kifua mkanda unapofungwa, na wakishatulia mkanda hulegea. Ndiyo maana tunaukagua mara tatu, na mara ya mwisho ni pale mpandaji anapotaka kupanda.

Kupanda hufanyika kutoka upande wa kushoto, juu ya jukwaa dogo la mbao lenye ngazi mbili. Desturi ya kushoto ni ya zama za wapiganaji waliofunga upanga kwenye nyonga ya kushoto, ambao wangepandia kulia upanga ungewanasa. Panga zimekwisha lakini farasi wamezoezwa hivyo, nasi tunafuata. Ngazi nazo si za wasiojua: mtu anayejivuta kutoka ardhini huuvuta mgongo wa mnyama upande mmoja, na hata walimu wetu huzitumia.

Ukishakaa, saisi anamwongoza farasi kwa kamba nawe hupewi hatamu. Wanafunzi wengi hushangaa. Katika lugha yetu kushika hatamu ni kutawala, na sote tumesikia habari za chama kushika hatamu na za fulani kushika hatamu za uongozi, hata mtu akifika hapa anadhani kwamba akishazishika kamba hizo amekwisha kuwa mwenye amri. Hatamu halisi zimeungana na lijamu, chuma kilicho kinywani juu ya ulimi, na mtu asiyejua kukaa huzitumia kama kitu cha kujishikilia asianguke. Kila anapoyumba, mdomo wa farasi ndio unaolipa. Kwa sababu hiyo mikono yako itakaa juu ya mapaja, au itashika ukanda uliofungwa mbele ya tandiko, mpaka kiwiliwili kitakapoweza kujitegemea. Kwa wengi hilo huchukua masomo mawili hadi manne.

Nivae nini?

Vaa suruali ndefu isiyo na mshono mnene upande wa ndani wa miguu, na viatu vilivyofunika kifundo na vyenye kisigino kifupi cha takriban sentimita mbili. Kisigino hicho ndicho kinachozuia mguu usipenye wote ndani ya kikuku cha kukanyagia. Mtu akianguka huku mguu umenasa, farasi anaweza kumburuta, na hii ndiyo ajali tunayoihofia kuliko zote. Raba za kukimbilia zisizo na kisigino hazifai, wala buti za mpira zenye meno makubwa chini. Vikuku vya watoto wetu vina ubavu mmoja wa mpira unaofunguka wenyewe mguu unapovutwa.

Wanawake na wasichana wanaovaa hijabu wanakaribishwa bila shaka yoyote. Tunaomba mtandio uwe mwepesi, umefungwa kwa kubana kichwani bila pini, na ncha zake ziingizwe ndani ya shati, ili kofia ikae sawasawa juu yake. Buibui na dera hazifai kupandia kwa kuwa kitambaa hunasa kwenye tandiko wakati wa kushuka. Shati refu lenye mpasuo pembeni, linalofika magotini, juu ya suruali, linatosha kwa stara na kwa usalama. Anayependa kufundishwa na mwalimu mwanamke aseme anapoweka nafasi.

Kuhusu nywele za kusuka: fundo kubwa utosini huinua kofia, na kofia iliyoinuka haikingi kitu. Mwambie msusi afunge chini, kwenye kisogo, au mlete mtoto ajaribu kofia kabla ya siku ya kwenda kusukwa. Tumewahi kumrudisha nyumbani msichana mmoja kwa sababu hii, na machozi yake hatujayasahau.

Nina kofia ya pikipiki nyumbani. Je, naweza kuitumia badala ya kukodi yenu?

Hapana, wala ya baiskeli. Kofia ya pikipiki ni nzito na hufunika masikio, nawe unahitaji kumsikia mwalimu. Ya baiskeli haishuki vya kutosha kisogoni na haikutengenezwa kwa mtu anayeangukia nyuma au anayeweza kukanyagwa. Zetu zimetimiza viwango vya kofia za wapanda farasi, ama ASTM F1163 vya Marekani au PAS 015 vya Uingereza, na kila moja huondolewa kazini baada ya kupata kishindo kimoja kikubwa hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu povu lililo ndani hujiminya mara moja tu. Kuikodi ni sehemu ya ada. Ukinunua yako, nunua mpya.

Kwa nini mnauliza uzito? Swali hilo linanifedhehesha.

Tunalijua hilo, na tunauliza faraghani, ofisini, si mbele ya watu. Farasi wetu wengi wana uzito wa kilo 450 hadi 500. Kanuni inayotumika na wengi ni kwamba mnyama asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, mpandaji na tandiko kwa pamoja, na kwa mpandaji anayeanza tunapunguza kidogo, kwa kuwa mzigo unaoyumba humchosha mnyama kuliko mzigo uliotulia. Tandiko na vifaa vyake vinakaribia kilo kumi. Ndiyo maana kikomo chetu ni kilo 80 kwa mtu aliyekwisha kuvaa, na kwa poni wetu wadogo ni kilo 40. Hatuna farasi wa asili nzito ambaye angeweza kubeba zaidi. Aliyezidi kikomo hatumfukuzi: tunayo masomo ya chini, ya kumtunza farasi, kumwongoza na kumzoeza kwa kamba ndefu, nayo yana elimu nyingi kuliko jina lake linavyodokeza.

Je, ni kweli kwamba farasi anajua ninapoogopa?

Anajua mwili wako unafanya nini. Mwoga hukaza mapaja, huzuia pumzi, huinamia mbele na kuvuta mikono, na kila mojawapo ya hayo ni ishara ambayo farasi amefundishwa kuitii au kuitilia shaka. Mapaja yaliyobana humwambia aende; mikono iliyovuta humwambia asimame. Akipewa amri mbili zinazopingana, naye huanza kuhangaika. Kwa hiyo hatukuambii usiogope. Tunakuambia upumue kwa sauti ya kusikika na uhesabu hatua za mnyama kwa sauti, kwa sababu mtu anayehesabu hawezi kuzuia pumzi.

Nitaanguka?

Ukiendelea kwa miezi kadhaa, kuna uwezekano mkubwa kwamba siku moja utaanguka. Tunaona ni afadhali kulisema hapa kuliko kukufariji. Mgongo wa farasi wa wastani uko zaidi ya mita moja na nusu kutoka ardhini, na hakuna zizi lolote duniani linaloweza kukuhakikishia kwamba mnyama hatashtuka. Tunachoweza ni kupunguza sababu: wanaoanza hufundishwa katika uwanja wa mchanga uliozungushiwa ua, kwa farasi waliokomaa, mwalimu mmoja akiwa na wanafunzi wasiozidi wanne, na mafunzo ya kushuka kwa haraka huanza somo la tatu. Unafundishwa kutoa miguu yote miwili kwenye vikuku kwa wakati mmoja, kujisukuma mbali na bega la farasi, kutua magoti yakiwa yamekunjwa, na kuziachia hatamu. Kuziachia ndiko kugumu zaidi, kwa maana mkono hupenda kushikilia.

Mtu akianguka, farasi wote uwanjani husimamishwa kwanza. Aliyeanguka anabaki alipo mpaka mwalimu amfikie na kumwuliza maswali machache, hata kama anaona haya na anataka kuinuka upesi. Kichwa kikiwa kimegonga chini hakuna kupanda tena siku hiyo, na tunataka daktari amwone kabla ya kurudi. Ipo imani ya zamani miongoni mwa wapanda farasi kwamba aliyeanguka apandishwe tena papo hapo ili hofu isimwingie. Kwa aliyeanguka mchangani kwa makalio na akacheka, sawa. Kwa aliyegonga kichwa, imani hiyo ni ya hatari nasi hatuifuati, mzazi aseme asemavyo.

Farasi wenu wanatoka wapi?

Zaidi ya nusu ni farasi wa mbio waliostaafu, wa asili ya Thoroughbred, waliokimbia katika uwanja wa Ngong, ambao umekuwa nyumbani kwa mbio za Nairobi tangu 1954. Asili hiyo ilikuzwa Uingereza, ila upande wa baba nasaba yake yote inarudi kwa madume watatu waliopelekwa huko kutoka nchi za Mashariki kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, nao ni Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Farasi wa mbio huacha kazi akiwa bado kijana, ilhali anaweza kuishi miaka 25 au zaidi, na bila kazi ya pili huwa mzigo kwa mwenyewe.

Hatumkabidhi mwanafunzi mpya farasi wa namna hiyo mara tu anapotoka mbioni. Mbioni amezoea kwamba hatamu zikikazwa anaziegemea na kuongeza kasi, na anayeanza anapopata hofu hufanya nini? Huvuta. Kumfundisha upya kwamba mkono uliokazwa ni wa kupunguza mwendo, na kwamba si kila uwanja wazi ni wa kukimbilia, hutuchukua mwaka au zaidi, na wapo wasiofuzu kabisa, ambao hubaki kwa ajili ya wapandaji wazoefu. Waliobaki ni poni na farasi waliochanganya damu, na kwa watoto hao ndio hazina yetu.

Je, farasi haumizwi na lijamu na kiboko?

Anaweza kuumizwa, na swali hili tungependa liulizwe mara nyingi zaidi. Lijamu zetu ni laini, zenye kiungo katikati, na asiyejua kukaa hapewi hatamu kama tulivyokwisha kueleza. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawabebi kiboko. Farasi hafanyi zaidi ya masomo mawili kwa siku, na Jumatatu wote hupumzika. Ukimwona mwanafunzi akimpiga farasi kwa hasira, mwambie mwalimu aliye karibu. Mwanafunzi huyo atashushwa, awe mtoto au mheshimiwa.

Mbona hakuna masomo ya jioni? Mimi hutoka kazini saa kumi na moja.

Swali hili huja na manung'uniko, na jibu lake ni mdudu mdogo kuliko punje ya ufuta. Kuna ugonjwa uitwao homa ya farasi ya Kiafrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na usubi wa jamii ya Culicoides. Usubi hao huuma kuanzia machweo mpaka baada ya mapambazuko, na huongezeka mvua za masika zinapoacha madimbwi na matope ya joto. Farasi aliyeambukizwa hupata homa kali. Kwa wengine mashimo yaliyo juu ya macho hufura, kwa wengine mapafu hujaa maji na povu likatoka puani, na mnyama aliyekula vizuri asubuhi huweza kufa siku hiyo hiyo. Hakuna dawa ya kuutibu. Pundamilia huvibeba virusi hivyo bila kuugua, nasi tuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwa majirani, yenye pundamilia tele.

Kwa hiyo tunachanja kila mwaka, na hatutegemei chanjo peke yake, kwa kuwa virusi hivyo vina aina tisa na kinga haiwi sawa kwa zote. Saa kumi na moja na nusu jioni kila farasi yuko bandani, madirisha yamefunikwa kwa wavu mwembamba, na feni zinazunguka, kwa sababu usubi ni dhaifu na hawezi kushindana na upepo. Asubuhi hawatoki mpaka jua limepanda vyema. Masomo yetu basi ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, na saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Ugonjwa huu hauambukizi binadamu, kwa hiyo usiwe na hofu ya kumgusa farasi.

Wanaotoka Pwani na Nyanza hutuuliza kwa nini mazizi kama haya hayako kwao. Sehemu ya jibu ni hiyo hiyo, pamoja na mbung'o aletaye nagana, yaani malale ya mifugo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, kwani farasi na wanyama wengine wa mizigo hawakudumu katika nchi ya mbung'o. Nyanda za juu, zenye baridi na mbung'o wachache, ndizo zilizowapa farasi nafasi.

Mvua ikinyesha je?

Manyunyu hayatuzuii. Radi ikisikika, somo hukoma papo hapo na tunalihamishia bandani, ambako mwalimu hufundisha vifaa na utunzaji.

Itachukua muda gani mpaka niweze kukimbia na farasi?

Farasi ana mwendo wa hatua, kisha mchakamchaka ambao hukutikisa kwa mapigo mawili mawili, kisha mbio za taratibu zenye mapigo matatu, na mwisho mbio za shoti. Anayekuja mara moja kwa juma, kwa uzoefu wetu, huendesha mwendo wa hatua peke yake katika somo la tano au la sita. Mchakamchaka ndio unaowakalisha watu darasani: lazima ujifunze kuinuka na kukaa kwa kufuata pigo, na mpaka mwili uelewe utagongwa na tandiko mara nyingi. Huchukua miezi miwili hadi mitatu. Mbio za taratibu huja karibu na mwezi wa sita, na ajabu ni kwamba wengi huziona rahisi kuliko mchakamchaka. Mbio za shoti hatuzifundishi hapa. Uwanja wetu hauzitoshi.

Anayekuja mara mbili kwa juma hujifunza kwa kasi zaidi ya mara mbili. Anayekuja mara moja kwa mwezi hufurahia siku yake, lakini tusimdanganye kwamba anajifunza.

Nilikulia Lamu na nimepanda punda tangu utotoni. Je, inanisaidia?

Inakusaidia sana katika usawa wa mwili, na huenda usihitaji kuongozwa kwa kamba zaidi ya somo moja. Utakachopaswa kuacha ni ule ukaaji wa nyuma, karibu na matako ya mnyama, ambao kwa punda wa Lamu ni sawa na kwa farasi unaangukia kiunoni, mahali pasipobebeka mzigo. Watu wa Lamu tunawatambua kabla hawajajitambulisha.

Mtoto wangu ana ulemavu. Je, mnampokea?

Tunampokea baada ya kuzungumza na daktari wake au mtaalamu wake wa viungo. Mwendo wa hatua wa farasi husogeza nyonga za mpandaji kwa namna inayofanana na mwendo wa binadamu anayetembea, na ndiyo sababu mazoezi haya hutumika katika tiba ya viungo. Mtoto mwenye hali ya Down huhitaji kwanza kuchunguzwa mifupa ya juu ya shingo, kwani kwa baadhi yao viungo hivyo huwa vimelegea. Kila mwanafunzi wa namna hii huwa na watu wawili wanaotembea kando yake na wa tatu anayemwongoza farasi, kwa hiyo nafasi ni chache na zinapaswa kuombwa mapema.

Mzazi mmoja alituuliza kama mtoto wake anaweza kufika mbali au atakuwa wa kuongozwa tu daima. Tulimweleza habari za Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza kwa polio kuanzia magotini kwenda chini, akawa anasaidiwa kupanda na kushuka, na katika Olimpiki ya Helsinki ya 1952 akapata medali ya fedha akishindana na wanaume na wanawake wasio na ulemavu. Miaka minne baadaye akapata nyingine.

Naweza kupanda nikiwa mjamzito?

Hapana, katika miezi yoyote. Tutakuhifadhia masomo uliyokwisha kuyalipia.

Tunaweza kuwalisha farasi?

Kwa ruhusa ya saisi tu. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo chochote kibaya kilichoingia tumboni hakina njia ya kurudi, na msokoto wa tumbo ni miongoni mwa mambo yanayowaua farasi wengi. Mkate, mandazi na nyasi zilizofyekwa na mashine ni marufuku. Parachichi, tunda ambalo kila nyumba ya Karen inalo uani na kila mgeni angependa kuligawa, ni sumu kwao, pamoja na majani na maganda yake. Karoti inakubalika ikikatwa kwa urefu, si vipande vya duara vinavyoweza kumkwama kooni, na iwekwe juu ya kiganja kilichonyooshwa kabisa. Vidole vikikunjwa, naye hatofautishi.

Ada yenu ni kubwa kuliko ya mpira au kuogelea. Kwa nini?

Mpira hauli. Farasi mmoja wa kilo 500 anahitaji karibu kilo kumi za malisho makavu kwa siku, na maji lita 25 hadi 50, awe amefanya kazi au amelala. Tunanunua marobota ya majani ya Boma Rhodes, na kiangazi kikirefuka bei yake hupanda bila huruma. Kwato hupunguzwa na kufungwa vyuma kila baada ya wiki sita hadi nane, meno husawazishwa mara moja au mbili kwa mwaka, kuna chanjo, dawa za minyoo, daktari wa mifugo, na mishahara ya masaisi, ambao hufika kabla ya alfajiri na bila wao hakuna somo hata moja. Orodha ya bei iko ofisini, na kwa familia yenye watoto wawili au zaidi kuna punguzo.

Wazazi hukaa wapi wakati wa somo?

Kwenye mabenchi yaliyo nyuma ya ua. Tunaomba msifungue miavuli karibu na uwanja, msirushe droni, na msije na mbwa. Kupiga picha kunaruhusiwa bila mwanga wa kamera. Ombi letu kubwa ni kwamba mzazi asimfundishe mtoto kutoka benchini, kwa maana mtoto anayesikiliza sauti mbili hatii hata moja, na akigeuza kichwa kumtazama mama au baba, farasi hufuata uzito wa kichwa hicho.

Nikiwa na dharura, ninaahirishaje somo?

Tuarifu saa 24 kabla, kwa simu au ujumbe, nasi tutakupangia siku nyingine bila malipo. Ukituarifu baada ya hapo, tutahesabu somo limetumika, kwa sababu farasi wako atakuwa ameshapangwa na mwenzako amekosa nafasi. Kwa mtoto aliyeamka na homa tunasamehe. Kwa foleni ya Barabara ya Ngong hatusamehi. Tokeni nyumbani mapema.